Ukingo wa Paa na Vumbi Lisiloonekana



Katika kitabu cha Kumbukumbu la Torati, sura ya 22, aya ya 8, ipo amri ambayo ni nadra kuisikia ikihubiriwa. Ajengaye nyumba mpya aliagizwa auzungushie ukingo juu ya paa lake, ili mtu asianguke na nyumba ikabeba hatia ya damu yake. Mapaa ya nchi ile yalikuwa bapa. Watu walipanda huko kupumzika, kulala na kuanika mazao. Amri hiyo haikumshauri mwenye nyumba awe na moyo mwema tu. Ilimtaka ajenge ukuta. Wala haikutofautisha kati ya mwana wa nyumbani, mgeni na mtumishi: yeyote atakayepanda, ukingo uwe umemtangulia.

Tumeikumbuka amri hiyo kwa sababu juma hili tunapenda kusema juu ya mapaa yetu wenyewe, na juu ya kanuni zinazowakinga wafanyakazi dhidi ya asbesto. Wengi wetu twaifahamu asbesto kwa macho, hata kama hatulijui jina lake. Ni yale mabati mazito ya kijivu, yenye mawimbi mapana, yaliyoezekwa juu ya shule, zahanati, kumbi na nyumba za watumishi katika miongo iliyotangulia na kufuatia uhuru. Tunayaita mabati ingawa hayana chuma ndani yake: ni saruji iliyochanganywa na nyuzi za madini. Asbesto yenyewe ni jiwe linalochambulika kama katani. Haiungui, haiozi, haipati kutu, nayo ilipatikana kwa bei ndogo. Waliotuletea hawakuwa wajinga kwa kuipenda.

Ubaya wake umo katika sifa ileile ya kuchambulika. Unyuzi mmoja hupasuka kwa urefu na kuzaa nyuzi nyembamba zaidi, mpaka zisionekane kwa jicho. Zikivutwa pamoja na hewa hufika ndani kabisa ya mapafu, ambako chembe za ulinzi wa mwili hujaribu kuzimeza na kushindwa. Hukaa humo. Baada ya miaka mingi pafu hujaa makovu na kukakamaa, na mtu hukosa pumzi hata kwa kupanda ngazi chache; ugonjwa huo huitwa asbestosisi. Wengine hupata saratani ya mapafu, na hatari hiyo huzidi sana kwa wavutao sigara. Tena ipo mesothelioma, saratani ya utando unaoyafunika mapafu, ambayo mara nyingi humwondoa mtu ndani ya mwaka mmoja au miwili tangu igundulike. Kati ya kuvuta vumbi na kuugua hupita kwa kawaida miaka 20, 30, hata 40 na zaidi.

Muda huo mrefu ndio unaoifanya sheria juu ya jambo hili kuwa ngumu. Fundi akianguka kutoka kwenye jukwaa, kila mtu humwona, na mwajiri huulizwa siku hiyohiyo. Fundi akivuta vumbi la asbesto leo, jioni atakwenda kunywa chai akiwa mzima, atalipwa ujira wake na kushukuru. Atakapoanza kukohoa, aliyemlipa atakuwa amekwisha kustaafu au kufa, na jengo lenyewe labda halipo. Hospitalini atapimwa kifua kikuu. Nani atakayeunganisha kikohozi hicho na siku tatu za kazi alizozisahau?

Historia ya kanuni hizi ilianzia Uingereza, nasi tungependa tukae nayo kidogo, kwa kuwa ina fundisho ambalo halijapitwa na wakati. Mnamo mwaka 1898 mkaguzi wa viwanda mwanamke, Lucy Deane, aliandika katika taarifa rasmi ya serikali kwamba vumbi la asbesto lilikuwa likiwadhuru wafanyakazi. Lilipotazamwa kwa hadubini, chembe zake zilionekana kali na zenye ncha kama vigae vya kioo. Taarifa ilichapishwa, ikawekwa kabatini. Hatua ya kisheria ilichukua miaka 33.

Katika miaka hiyo alikufa Nellie Kershaw wa Rochdale, mji wa viwanda kaskazini mwa Uingereza. Alikuwa akisokota nyuzi za asbesto katika kiwanda cha Turner Brothers. Alipodhoofika asiweze kufanya kazi, daktari aliandika kwamba chanzo ni asbesto. Kampuni ilikataa kumlipa, kwa hoja kwamba ugonjwa huo haumo katika orodha ya magonjwa yanayotambuliwa na sheria ya fidia, na kwamba kumlipa mmoja kungefungua mlango kwa wengine. Alifariki mwezi Machi 1924 akiwa na umri wa miaka 33, akazikwa katika kaburi lisilo na jina. Daktari William Cooke alipoyachunguza mapafu yake alikuta chembe za asbesto, akaandika habari zake katika jarida la madaktari wa Uingereza mwaka huohuo. Kwa njia hiyo mwanamke aliyekosa hata msaada wa mazishi aliulazimisha ulimwengu wa tiba uutaje ugonjwa wake.

Serikali ikawatuma daktari Merewether na mhandisi Price kwenda kuchunguza. Kati ya wafanyakazi 363 waliopimwa, 95 walikutwa na makovu ya mapafu. Na kati ya wale waliokuwa wamefanya kazi hiyo kwa miaka 20 au zaidi, wapatao wanne katika kila watano walikuwa wagonjwa. Taarifa yao ya mwaka 1930 ilipendekeza mambo ambayo hata leo fundi yeyote atayaelewa: mashine zifunikwe, vumbi livutwe na feni mahali linapozaliwa, malighafi ilowanishwe, wafanyakazi waelezwe hatari. Kanuni zikatungwa mwaka 1931, zikaanza kutumika mwezi Machi 1932. Zinatajwa kuwa za kwanza duniani kuhusu vumbi la asbesto, nasi tunawapa heshima yao walioziandika.

Hata hivyo, tuzisome kanuni hizo kwa makini. Zilihusu hasa viwanda vya kusokota na kufuma, na vyumba fulani vyenye vumbi jingi. Kazi iliyofanywa mara mojamoja, ambayo hakuna mtu aliyeifanya kwa zaidi ya saa 8 kwa juma, iliachwa nje. Na kwa vitendo, waliobaki nje ya kinga walikuwa wengi: waliovalisha mabomba ya mvuke ndani ya matumbo ya meli, mafundi seremala waliokata mbao za asbesto kwa msumeno, wapakuzi wa magunia bandarini, wafagiaji. Na waajiri walioshtakiwa kwa kuzivunja, katika miaka zaidi ya thelathini ya matumizi yake, walikuwa wa kuhesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Kanuni mpya zenye mawanda mapana zilikuja mwaka 1969 tu.

Zaidi ya hao, kulikuwa na mtu ambaye hakuna mtungaji wa sheria aliyemfikiria kabisa. Mwaka 1965 madaktari wawili wa London, Newhouse na Thompson, walichapisha uchunguzi wa wagonjwa 76 wa mesothelioma. Thelathini na mmoja walikuwa wamefanya kazi ya asbesto. Tisa hawakuwahi kuifanya: waliishi nyumba moja na mtu aliyeifanya, na wengi wao walikuwa wanawake waliokung'uta na kufua nguo za kazi za waume au ndugu zao. Na miongoni mwa wale wasio na uhusiano wowote wa kazi wala wa nyumbani, 11 walikuwa wameishi ndani ya nusu maili kutoka kiwanda cha asbesto. Kanuni zilisimama langoni mwa kiwanda. Vumbi lilitoka kwa lango hilohilo likiwa limekaa kwenye kola ya shati.

Lilivuka bahari pia. Asbesto ya buluu iliyotumika katika viwanda vya Ulaya ilichimbwa Afrika Kusini, katika eneo la Cape Kaskazini. Wanawake waliponda mawe kwa nyundo ili kuzitenga nyuzi, na watoto waliingizwa katika magunia washindilie kwa miguu yao. Ni huko huko ambako Wagner na wenzake, mwaka 1960, waliwaeleza wagonjwa 33 wa mesothelioma na kuonyesha uhusiano wake na asbesto. Waafrika zaidi ya 7,000 walilazimika kuifungulia kampuni iliyomiliki migodi hiyo mashtaka katika mahakama za Uingereza, na ilikuwa mwaka 2000 ndipo mabwana majaji wa London walipokubali kesi isikilizwe huko. Baadhi ya wadai walikuwa wamekwisha kufa. Haki inayosubiri umri wa pafu haitaweza kuwakuta wenyewe.

Hebu turudi kwenye fundisho tulilolitaja. Kila kanuni huchora mstari: huyu yumo, yule hayumo. Tukiifuata historia ya asbesto kuanzia Rochdale, tunaona kwamba mauti mengi yalitokea nje kidogo ya mstari, mahali ambapo mtungaji hakutazama. Waliokuwa ndani walipata feni na maji. Aliyekuwa hatua moja nje hakupata hata onyo. Kwa hiyo, maoni yetu ni kwamba swali la kwanza kuuliza mbele ya kanuni yoyote ya usalama kazini si ukali wake. Ni nani aliyebaki nje?

Mataifa yalijifunza polepole. Mkataba Na. 162 wa Shirika la Kazi Duniani, uliopitishwa mwaka 1986, ulijaribu kuupanua mstari huo. Unataka kazi ya kubomoa na kuondoa asbesto ifanywe na waajiri au makandarasi wanaotambuliwa kuwa na ujuzi huo, kwa mpango wa kazi ulioandikwa kabla ya kuanza. Unamtaka mwajiri atoe nguo za kazi, tena unakataza nguo hizo kupelekwa nyumbani. Katika katazo hilo fupi tunamwona yule mke aliyekung'uta shati la mumewe, ameingia hatimaye katika sheria ya kimataifa. Uganda iliridhia mkataba huo mwaka 1990. Uingereza ilipiga marufuku asbesto ya buluu na ya kahawia mwaka 1985, na nyeupe mwaka 1999; Umoja wa Ulaya ukafunga mlango mwaka 2005, Afrika Kusini mwaka 2008. Pamoja na marufuku hiyo, Uingereza bado huhesabu vifo takriban 5,000 kila mwaka vinavyotokana na asbesto. Wanaokufa sasa ni waliovuta vumbi zamani. Na mwaka 2023 Umoja wa Ulaya ulipunguza kiwango kinachoruhusiwa katika hewa ya mahali pa kazi mara kumi, hadi nyuzi 0.01 kwa sentimita moja ya ujazo, kwa sababu kazi iliyobaki sasa ni ile ya kubomoa na kukarabati.

Huku kwetu sheria hazikosekani. Tanzania inayo Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004. Kenya iliihesabu asbesto miongoni mwa taka za hatari katika kanuni zake za mwaka 2006. Rwanda imeendesha kampeni ya kitaifa ya kuyaondoa mapaa hayo. Lakini tumtazame anayeyashusha mapaa hayo katika vijiji na mitaa yetu. Mara nyingi ni kijana saidia fundi, aliyeitwa asubuhi kijiweni, bila mkataba, bila jina katika daftari lolote. Hupewa nyundo, kwa kuwa nyundo ni ya haraka kuliko spana. Huvunja mabati na kuyatupa chini, hufagia vipande vikiwa vikavu, na jioni hurudi nyumbani na nguo zilezile, akambeba mtoto wake mgongoni. Vipande hugawanywa: hiki cha banda la kuku, kile cha choo, vingine vya kufukia mashimo barabarani. Kwa kazi ya siku tatu, mkaguzi hatafika. Yeye ndiye yule wa saa 8 kwa juma, aliyeachwa na kanuni za mwaka 1931, amehamia kwetu.

Wapo watakaosema kwamba tunatia watu hofu. Wamekaa chini ya paa hilo miaka arobaini, wala hawakuugua. Hoja hiyo ina ukweli ndani yake, na haifai kupuuzwa. Paa la asbesto lililo zima, lisilokatwa, lisilotobolewa wala kusuguliwa, hutoa nyuzi chache, kwa sababu saruji imezishika. Mwalimu asikimbie darasa lake, wala mgonjwa asiikimbie zahanati. Hatari hukua paa linapochakaa na kumong'onyoka, na huwa kubwa kabisa siku ya kulivunja. Kwa maneno mengine, sisi tuliokaa chini yake kwa usalama miaka yote hiyo tunaikabidhi hatari yote kwa mtu mmoja, siku moja, halafu tunamlipa kama aliyelima shamba la mahindi.

Mafundisho ya jamii ya Kanisa hayakunyamaza katika hili. Papa Leo XIII, katika waraka wake wa mwaka 1891, alikataa wazo kwamba mapatano ya ujira peke yake yanatosha kuwa haki. Na Yohane Paulo II, mwaka 1981, aliyataja mazingira ya kazi yasiyodhuru afya miongoni mwa haki za mfanyakazi. Hatuwezi kuwasomea waajiri wengine mafundisho hayo ilhali sisi wenyewe, tukiwa parokia, ni waajiri.

Na hapo tunafika nyumbani. Kama mlivyotangaziwa, halmashauri ya walei inayo mezani makadirio mawili ya kubadilisha paa la ukumbi wa zamani. La kwanza ni nafuu sana, na baadhi yenu mmeuliza, kwa nia njema, kwa nini tusilichukue mara moja, maana michango ni ya jasho la watu. Tumeyasoma yote mawili mstari kwa mstari. Bei ya mabati mapya inakaribiana. Bei ya mbao inakaribiana. Tofauti imo katika vifungu ambavyo kadirio la kwanza halina kabisa: maji ya kulowanishia, barakoa za kuchuja vumbi laini, nguo za kazi, plastiki nzito ya kufungia, usafiri hadi mahali panaporuhusiwa kuzikwa taka hizo. Unafuu huo haukutokana na ufundi bora. Gharama ipo palepale. Imehamishiwa katika kifua cha saidia fundi, naye ataanza kuilipa tukiwa sisi tumekwisha kusahaulika.

Kwa hiyo tunasema wazi kwamba hatutaunga mkono kadirio la kwanza, hata kama ukumbi utabidi usubiri mwaka mwingine. Paa likae lilivyo, lisiguswe, mpaka fedha itimie. Kusubiri huko hakumdhuru mtu.

Fedha itakapotimia, tungependa mambo yafuatayo yaandikwe katika mkataba, maana ahadi ya mdomo huyeyuka mafundi wanapofika. Ofisi ya serikali inayohusika na usalama kazini ijulishwe kabla, na ushauri wake ufuatwe. Mabati yalowanishwe vema, misumari na boliti zifunguliwe, na kila bati lishushwe zima kwa mikono au kamba. Asikatwe hata moja kwa msumeno. Pasifagiliwe pakiwa pakavu. Kitambaa cha kufunga puani hakitoshi, wala barakoa zile za hospitalini zilizotuzoeza katika miaka ya korona. Zinatakiwa zenye uwezo wa kuzuia vumbi laini kabisa. Nguo za kazi zibaki hapo hapo, na watu waoge kabla ya kuondoka. Watoto wa chekechea wasiwepo siku hizo. Na majina ya wote watakaopanda, saidia fundi wakiwa wa kwanza, yaandikwe katika kitabu cha parokia pamoja na tarehe na kazi waliyoifanya, kitabu kihifadhiwe, ili mmoja wao akiugua baada ya miaka thelathini awe na karatasi ya kumwonyesha daktari.

Tunajua pia kwamba lilipobomolewa jiko la zamani, baadhi ya familia zilichukua vipande vya paa lake kwa matumizi ya nyumbani. Hakuna atakayelaumiwa. Tunaomba tu visivunjwe, visikatwe wala kusuguliwa, watoto wasivichezee, na viongozi wa jumuiya ndogondogo wampelekee katibu wa halmashauri ya walei idadi yake kabla ya mwisho wa mwezi, ili vipangiwe safari moja na mabati ya ukumbi.